Abiria mmoja, vyombo vinne: nini bado hakijatafitiwa?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Himbi, hapa Goma. Niko mwaka wa mwisho na ninataka kazi yangu ya kumaliza masomo iwe juu ya safari za mbali ambazo mtu anabadilisha vyombo njiani: pikipiki, boti, basi, ndege. Mkurugenzi wangu anasema somo hilo limekwisha, kwamba kila mwaka watu wanaandika juu ya barabara mbovu na boti zinazopakia kupita kiasi. Je, kuna kitu ambacho bado hakijatafitiwa kweli? Na mtu asiye na pesa za utafiti aanzie wapi?

JIBU: Mdogo wangu, mkurugenzi wako ana haki nusu. Barabara mbovu zimeandikwa vya kutosha, na ukileta nyingine juu ya mashimo ya kati ya Goma na Sake hata mimi nitasinzia. Lakini angalia namna kazi hizo zinavyogawanyika. Moja ni juu ya boti za Ziwa Kivu, nyingine juu ya wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, nyingine juu ya kampuni za ndege. Kila mwandishi amekaa kwenye chombo chake akawahesabu wanaopanda na wanaoshuka. Anayetoka nyumbani Himbi akapanda pikipiki hadi bandarini, akavuka ziwa, akalala Bukavu, akaendelea kesho yake hadi Uvira, hesabuni ni watu watatu tofauti. Safari yake nzima, kutoka mlango hadi mlango, haimo kwenye daftari la mtu yeyote. Hapo ndipo pana kazi ya kufanya.

Chukua mfano unaoujua. Ndege za abiria zilipoacha kutua Goma mwisho wa Januari 2025, mtu wa Goma mwenye shughuli Kinshasa ilimbidi atafute njia nyingine, na kwa wengi ikawa kuvuka mpaka wa Rwanda pale Petite Barrière kwa miguu, kupanda basi la Gisenyi hadi Kigali, kisha ndege ya kupitia Addis Ababa, Nairobi au Entebbe. Mpakani ameandikwa kama Mkongomani anayeingia Rwanda. Uwanja wa ndege wa Kigali umemwandika kama abiria wa kimataifa. Ndjili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, wamemwandika kama mtu aliyefika kutoka nchi ya nje. Wote watatu wamesema kweli, na hakuna hata mmoja aliyeandika jambo lenyewe, yaani kwamba huyu ni raia anayetoka mji mmoja wa nchi yake kwenda mji mwingine wa nchi hiyo hiyo. Ukizijumlisha takwimu hizo utaona usafiri wa ndani umekufa na utalii wa kimataifa umeongezeka. Waziri anayepanga bajeti kwa takwimu za namna hiyo atajenga kitu kisicho mahali pake.

Kabla hujafika mbali utakutana na swali linaloonekana dogo: safari ya mbali ni ipi? Uchunguzi mkubwa wa Ulaya wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulioitwa DATELINE, ulichukua kilomita 100 kama mpaka. Marekani, katika uchunguzi wao wa 1995, walichukua maili 100, yaani kilomita 160 hivi. Waingereza hutumia maili 50. Sasa pima Goma hadi Bukavu. Kwa mstari ulionyooka juu ya ziwa ni kama kilomita 100, na kwa barabara ya Sake, Minova na Kalehe ni karibu mara mbili yake. Kwa kipimo cha Ulaya, anayetoka Majengo, mtaa ulio mbali na ziwa, ataingia kwenye uchunguzi na anayetoka karibu na bandari huenda akabaki nje, ingawa wamepanda boti moja na kukaa benchi moja. Na huyo wa Birere, mtaa wa mpakani, anayevuka kwenda Gisenyi kununua viazi amefanya safari ya kimataifa kabla ya chai.

Kwa hiyo pendekezo langu ni uachane na kilomita. Huku kwetu safari inakuwa ya mbali pale mtu asipoweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, au pale inapombidi kupanga mahali pa kulala, karatasi na pesa ya akiba. Hiki ni kipimo changu, wala sikushurutishi, lakini kipimo kinachotokana na maisha ya wasafiri wenyewe hakijawekwa vizuri popote katika eneo letu. Sura moja ya kazi yako inaweza kukihusu hicho tu.

Sasa tuje kwenye kiini, ambacho ni kusubiri.

Watafiti wa usafiri wamejua kwa miaka mingi kwamba dakika ya kusubiri haina uzito sawa na dakika ya kutembea na chombo. Katika hesabu zao za kawaida, dakika moja ya kusubiri kituoni huchukuliwa kama dakika moja na nusu hadi mbili na nusu za kukaa ndani ya gari, na kila mara unapobadilisha chombo huongezwa dakika nyingine kama adhabu. Tarakimu hizo zimetokana na miji yenye ratiba. Treni inaondoka saa fulani, inajulikana, nawe unafika dakika kumi kabla. Chombo chetu kinaondoka kikijaa. Hiyo ni hesabu nyingine kabisa, na kwa safari zetu za mbali sijaona aliyeifanya.

Ifanye mwenyewe kwenye karatasi. Tuseme kuna basi dogo la viti 18 pale parkingi, na abiria mmoja anafika kila baada ya dakika 5. Wa kwanza atakaa dakika 85 kabla gari halijaondoka. Wa mwisho atapanda na kuondoka. Wastani ni kama dakika 42, na mtu anayependa wastani atasema hiyo ni hali ya kuvumilika. Lakini abiria hajui akifika atakuwa wa ngapi. Kama huko mbele kuna boti au ndege inayomngoja, itambidi atoke nyumbani kana kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza. Siku akibahatika kuwa wa kumi na saba, anafika bandarini saa moja na zaidi kabla ya wakati na kukaa juu ya begi lake.

Fikiri kidogo juu ya saa hiyo. Ukimhoji bandarini atakuambia, "Nimesubiri boti sana." Utaandika kwamba boti zinachelewesha watu. Kumbe boti haijakosea lolote. Saa ile imetengenezwa na basi kule parkingi. Udhaifu wa chombo kimoja unalipiwa kwenye kiungo kinachofuata, na lawama anabebeshwa mwingine. Ndiyo maana utafiti wa chombo kimoja kimoja hauwezi kuliona jambo hili hata ukiwa na dodoso la kurasa ishirini. Mpaka umfuate mtu. Kama ungeniuliza ni swali lipi moja ningependa kuliona limejibiwa kwa mkoa wetu, ningesema hili: msafiri wa mbali anapoteza saa ngapi za tahadhari, yaani za kutoka mapema kwa hofu ya kuchelewa, na zinasababishwa na kiungo kipi?

Kuna usiku pia. Boti za mwendo kasi zinavuka ziwa kwa karibu saa tatu, meli kubwa za usiku zinaondoka jioni na kuwafikisha watu alfajiri. Anayefika Bukavu jioni akiwa na safari ya kusonga mbele hapandi kitu kingine siku hiyo. Analala. Wapi? Kwa shangazi Kadutu, kwa mtu wa kanisa moja naye, kwa aliyesoma naye. Katika vitabu vya usafiri utakuta kurasa juu ya vituo na magati, na hutaona neno juu ya shangazi, ingawa bila yeye mnyororo mzima unakatika. Kitanda chake ni sehemu ya njia sawasawa na gati la Muhanzi. Muulize kila msafiri alilala kwa nani, alilipa nini, kwa pesa au kwa zawadi (maana hufiki kwa mtu mikono mitupu), na angefanya nini kama mwenyeji huyo asingekuwepo. Nina hakika utapata kwamba ramani ya jamaa inaeleza njia ambazo watu wanachagua kuliko bei ya tiketi. Hiyo ni dhana tu, na ndiyo raha yake: inaweza kupimwa, na inaweza kuangushwa.

Ukifikiri hivyo utakumbuka pia watu ambao hawapo bandarini kabisa. Mama mwenye mtoto mgonjwa aliyeandikiwa kwenda kutibiwa ng'ambo ya ziwa akashindwa. Mzee wa magongo ambaye mbao ya kupandia boti haimfai. Kijana aliyepata kazi Kisangani akaiacha. Kila anayefanya utafiti kwenye kituo anawakuta walioweza kusafiri, halafu anaandika kwamba asilimia kubwa "wanaridhika." Ni kawaida waridhike, wasioridhika wamebaki nyumbani. Safari isiyofanyika ndiyo ngumu zaidi kuihesabu, na itakubidi uitafute mitaani, nyumba kwa nyumba.

Eneo la pili ambalo lina kina ni kile kinachotokea kiungo kimoja kinapofungwa ghafla. Aprili 2010, volkano ya Eyjafjallajökull ya Aisilandi ilifunga anga la sehemu kubwa ya Ulaya kwa karibu siku sita, na safari za ndege zipatazo laki moja zikafutwa. Watafiti walifuatilia watu walivyohamia treni, mabasi, feri na magari ya kukodi, wakaandika hadi leo. Sisi tuna Nyiragongo. Januari 2002 lava ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ndege ya Goma. Mei 2021 ilikata barabara ya Rutshuru, na siku chache baadaye mji ulipoamriwa kuhama watu walitawanyika kwa miguu, kwa magari, kwa boti, wengine Sake, wengine Gisenyi, wengine Bukavu. Vita navyo vinafunga na kufungua njia bila kumwuliza mtu. Kwa maabara ya namna hii hakuna anayetuzidi, ila hatukuiomba.

Mwaka 2024, mapigano ya upande wa Sake yalipoikata barabara ya Minova, watu na vyakula vilihamia majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, ilipinduka mbele ya Kituku, gati la Goma, ikiwa karibu kabisa kufika, na watu wengi wakafa huku wenzao wakitazama kutoka ufukweni. Maoni mengi yaliyofuata yalihusu jaketi za kuokolea na maofisa wa bandari. Ni sawa yasemwe. Ila mtafiti wa safari zinazochanganya vyombo anauliza kitu cha kabla ya hapo. Barabara ikifungwa, mzigo wake wa abiria unahamia wapi, kwa siku ngapi, na chombo kinachoupokea kilikuwa na nafasi kiasi gani iliyobaki? Kama ingejulikana kwamba kufungwa kwa barabara fulani kunaongeza watu kadhaa kwa siku kwenye gati fulani, ukaguzi ungeweza kuongezwa siku ile ile barabara inapofungwa. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta kubwa. Inahitaji mtu aliyehesabu kabla, wakati njia zote ziko wazi, ili awe na cha kulinganisha. Na wewe unaweza kuwa mtu huyo.

Mengine nitayapita haraka. Haki za abiria: hata Ulaya hawajamaliza. Wana kanuni ya ndege ya 2004, ya meli ya 2010, ya mabasi ya 2011, ya reli iliyoandikwa upya 2021, na kwa anayechanganya vyombo Tume ya Ulaya ilipeleka pendekezo Novemba 2023 tu. Mkataba wa Montreal wa 1999 nao, kifungu cha 38, unasema kwa safari ya kuchanganya vyombo masharti yake yanahusu sehemu ya angani peke yake. Boti ikichelewa ukakosa ndege, uko peke yako. Mwanafunzi wa sheria angeweza kukaa hapo miaka miwili, wewe usikae. Tiketi moja ya vyombo vyote, inayolipwa kwa simu: inapendeza kwenye mikutano, lakini mpaka tujue nani anamlipa nani abiria anapokosa kiungo, ni mapambo. Reli: anayetaka kufika Lubumbashi bila kupanda ndege anaweza, kwenye ramani, kuvuka Kivu, kushuka Uvira, kupanda meli kwenye bandari yake ya Kalundu hadi Kalemie, kisha kushika reli ya Kabalo na Kamina. Ramani hiyo ilichorwa na wakoloni kwa ajili ya madini, na hata leo mazungumzo juu ya korido, ile ya reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, na nyinginezo, yamejaa shaba na kobalti huku abiria akitajwa kwenye aya ya mwisho. Pengo hilo ni kubwa, lakini ni la mtu aliyeko Lubumbashi.

Utaambiwa utumie data ya simu. Wazo lenyewe ni zuri: baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, watafiti walifuata mwendo wa laini za simu wakajua watu wa Port-au-Prince walikimbilia wapi. Lakini fikiria mtu wa Goma. Ana laini ya Kongo na laini ya Rwanda, pengine kwenye simu moja. Akiwa amekaa Birere, bila kuinuka kitini, simu yake inaweza kushika mnara wa Gisenyi. Kwenye data amevuka mpaka mara kadhaa kabla ya saa sita mchana, na tena ni watu wawili. Namna ya kusafisha data ya mji wa mpakani ni swali la utafiti lililo wazi, na linamfaa mtu wa informatiki anayeishi papa hapa, maana wa mbali hata hajui kwamba tatizo lipo.

Na kuna jambo lililo kubwa kuliko ubora wa data. Katika eneo la vita, habari ya nani alipita wapi na lini inaweza kumuua mtu. Usiandike majina. Usiandike namba za simu kwenye karatasi moja na majibu. Usipige picha kwenye mpaka wala gatini. Swali la "kwa nini ulipita njia hii na si ile" liache mtu alijibu kwa maneno anayoyataka, na akinyamaza songa mbele. Beba barua ya chuo, uonane kwanza na wakuu wa bandari na wa chama cha madereva. Sura ya maadili ambayo wengi wanaijaza kwa nusu ukurasa, kwako wewe ni ukurasa mzima, tena wa mwanzo.

Sasa pesa. Mwaka 2014 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walitoa ramani ya njia za matatu baada ya kuzipanda wakiwa na simu mkononi. Chombo chao kikuu ni hicho ulicho nacho mfukoni. Wewe huhitaji ramani ya mji mzima. Unahitaji wasafiri wachache waliokubali, uwafuate safari nzima, au wakupe shajara: saa ya kutoka nyumbani, ya kufika parkingi, gari kuondoka, kufika bandarini, boti kung'oka, kufika, kulala, kuondoka tena. Kwa kila kiungo andika pia pesa za njiani ambazo hazimo kwenye tiketi, kuanzia mchukuzi, ushuru, chakula, mpaka "ya maji." Zijumlishe mwisho, uone zimekaribia tiketi kiasi gani.

Wahoji mahali pawili, bandarini na mtaani, kwa sababu niliyokwisha kukupa. Uliza safari ya mwisho tu, usiulize za mwaka mzima. Mtu anakumbuka vizuri safari aliyoumia na kusahau tano zilizokwenda sawa. Na uwe macho na saa. Goma na Kigali zinatumia saa ile ile, Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, Addis Ababa na Nairobi ziko mbele kwa saa moja. Mtu akikupa saa alizoziona kwenye simu yake kutoka Goma hadi Kinshasa, ukitoa moja kwa nyingine bila kurekebisha, umemwibia saa nzima ya uchovu. Rudisha zote kwenye saa ya Goma kabla ya kuanza hesabu.

Kuhusu kichwa cha kazi, usiweke Kinshasa ndani, hata kama mfano wake unavutia; gharama ya kufuata watu hadi huko itakushinda, na nusu ya wahojiwa watakuwa wafanyabiashara wanaosafiri kwa pesa ya kampuni. Chukua Goma hadi Uvira kupitia ziwa na Bukavu, kwa muda ambao njia hiyo inapitika na ni salama kwako. Ina pikipiki, boti na gari la barabarani, yaani viungo vitatu vya kupima, na usiku mmoja katikati. Mpelekee mkurugenzi wako ukurasa mmoja wenye ile hesabu ya viti 18 na swali la saa za tahadhari. Akisema hata hilo limekwisha kuandikwa, mwombe akuonyeshe kitabu, kisha uniandikie jina lake, maana nitakihitaji mimi pia.